Madiwani wamepiga kura sanamu itoke, mbona inachukua miaka?

Wakuu, sanamu ya Robert E. Lee (jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani) pale Charlottesville, jimbo la Virginia, Marekani, madiwani walipiga kura 2017 ila imekuja kung'olewa Julai 2021, shida ilikuwa nini?

— Mkuu sheria ya jimbo la Virginia ilikataza kugusa minara ya kumbukumbu za vita, watu wakaenda kortini, jaji akaweka zuio, ikabaki palepale, kuna kipindi ilifunikwa turubai jeusi kwa miezi.

— Sheria ikabadilishwa 2020, Aprili 2021 mahakama ya juu ya jimbo ikaipa jiji haki. Hata hapo hawakuibeba tu, ilibidi watangaze, wasikilize wananchi, alafu siku 30 makumbusho zipewe nafasi ya kuiomba. Mi kwangu hapo kwenye kusikiliza wananchi ndo penye uzito.

— Na ikaishia wapi?

— Waliiyeyusha 2023. Picha ya ule uso umeiva mwekundu kwa moto bado ninayo kichwani.