Mifupa ya mama "inaliwa" na nini?

BintiMbagala: Wadau, mama (67) kateleza bafuni, akajishika kwa kiganja, kifundo cha mkono kikavunjika. Daktari kasema mifupa inaliwa. Na mdudu gani?

MzeeWaMaabara: Pole, binti. Si mdudu, ni seli zake mwenyewe: osteoklasti. Zinang'ang'ania mfupa kama konokono ukutani, zinamwaga asidi, madini yanayeyuka, kisha vimeng'enya vinakata kolajeni, nyuzi za protini za mfupa. Osteoblasti, seli za kujenga, zinafuata kujaza shimo. Kubomoa ni wiki chache, kujenga ni miezi. Hedhi ikikoma, estrojeni (homoni ya kike) inashuka, wabomoaji wanawazidi mafundi.

Kidumu: Fundi wangu Tandika kabisa! Ukuta kaangusha asubuhi, tofali nasubiri hadi leo.

BintiMbagala: 😂 Na dagaa zote zile alizokula?

MzeeWaMaabara: Zilimwekea akiba ya kalsiamu mifupani. Ulizia kipimo cha msongamano wa mifupa. Na kama bafuni kuna zulia, litoe leo.