Mjadala: Mtafiti akichota maji kijijini, jibu alirudishe kwa nani?

Mtoa mada, Kisumu:
Wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili walifika kwa mama yangu kule Nyando wakiwa na barua ya chifu na dodoso la kurasa tisa. Mama akaacha mpunga aliokuwa akiuanika, akakaa nao karibu saa nzima. Mnachota wapi? Mnachemsha? Watoto huharisha mara ngapi? Wakajaza chupa mbili kisimani, wakaziandika kwa kalamu ya wino mzito, wakaaga. Hawakurudi. Mpaka leo nikienda nyumbani huniuliza, "Yale maji yangu yalipatikana na nini?" Na bado tunayanywa.

Lengo la 6 kati ya yale 17 ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa 2015, ni maji safi kwa wote. Mama ni mmoja wa hao wote. Msimamo wangu: chuo kisimpe mtu shahada kabla matokeo hayajasomwa barazani kwa watu waliomjibu. Mnasemaje?

Mchangiaji, Kakamega:
Pole kwa mama, lakini umemtwika mwanafunzi mzigo wa kaunti. Tangu ugatuzi wa 2013, maji na ugani, yaani ushauri kwa wakulima, ni kazi ya kaunti. Mtafiti hutafuta ukweli akauandika, basi. Kumbuka utafiti wa tohara hapo kwenu Kisumu, vyuo vikuu vikishiriki: wanaume 2,784. Matokeo yakachapishwa 2007, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara iwe njia mojawapo ya kupunguza maambukizi ya VVU. Chapisho lilifanya kazi.

Mtoa mada:
Ndugu, mfano mzuri, ila umeukatiza njiani. Mpango ulipoanza Nyanza 2008, ilibidi kuketi na wazee wa Kiluo, ambao tohara si mila yao, waelezwe wakaelewa. Chapisho peke yake lisingemfikisha kijana kliniki.

Tazama pia Mbita. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, si chuo kikuu, najua, lakini walichofanya huko ndicho ninachokidai. Mahindi yalikuwa yakinyonywa na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau. Wakapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari: mizizi yake huzifanya mbegu za kayongo ziote, kisha huzizuia kushika mizizi ya mahindi, zikafa. Pembezoni wakaweka matete, nondo wa bungua, kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi, akavutwa kutaga huko. Mkulima aliyaona hayo kwa macho yake, shambani kwa jirani, na desmodiamu akamkatia ng'ombe wake.

Kaunti iwajibike, sikatai. Lakini kaunti itachukuaje hatua juu ya kisima ambacho majibu yake yamefungiwa maktaba? Leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, tayari inamtaka mtafiti awasilishe nakala ya ripoti. Iongezwe karatasi moja tu, kwa Kiswahili au Kiluo, isomwe kwa chifu. Gharama yake ni nauli ya matatu. Kwa kisima cha mama, hata neno moja lingetosha: chemsheni.