Mama anamshukuru Mungu, nyie vichwa vyote kwenye simu. Hii ni dharau!

Wakuu naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumamosi tulikusanyika nyumbani kumshukuru Mungu, mama yetu ametoka hospitali alikolazwa miezi mitatu, miezi mitatu ya kufunga na kuomba, kuna usiku tulikuwa tunapigiana simu tunalia tu hakuna anayeongea. Mungu kajibu, mama karudi anatembea kwa miguu yake. Basi akaomba aseme neno, akasimama kashikilia kiti, akaanza kusimulia ule usiku pumzi ilipokata akamwita Yesu, na mimi hayo maneno nilikuwa nayasubiri tangu siku ya kwanza.

Nageuka pembeni, vichwa vyote chini. Yaani vyote! Mdogo wangu anaskroli, shemeji anajibu meseji za kazini, binamu yuko laivu anawanong'oneza salamu wanaoingia, hata mtumishi aliyekuja kutuongoza alikuwa kafungua Zaburi kwenye simu, meseji ikamshukia juu ya andiko akaisoma na akaijibu. Mama akanyamaza. Akasubiri kidogo, hakuna aliyeinua kichwa, akasema "basi, nitamalizia siku nyingine", akakaa. Na watu wakapiga makofi!! Walidhani kamaliza.

Nililia jamani, mtu mzima mimi.

Haikupita hata nusu saa status zimejaa picha za mama, "Mungu ni mwema, tunashukuru kwa kila jambo", na watu ambao hawakuwepo wanaandika Amina Amina, wakati sisi tuliokuwa naye chumba kimoja hakuna aliyeitikia Amina kwa mdomo wake. Sasa hapo anashukuriwa nani?

Kasomeni Luka 17. Wakoma walioponywa ni 10, wote 10 walipona, na siamini kwamba wale tisa hawakufurahi, walifurahi sana ila kila mtu akashika njia yake. Mmoja tu, tena Msamaria, ndiye aligeuka akarudi mpaka miguuni pa Yesu akaanguka kifudifudi akashukuru. Alirudi yeye mwenyewe na mwili wake, hakutuma salamu. Na Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Mimi Jumamosi niliwaona, wamekaa kwenye makochi yetu.

Na asije mtu hapa kuniambia "lakini Biblia iko kwenye simu". Ukishaipakua inafunguka bila bando, zima data usome neno la Mungu, nani kakukataza? Sijasema simu ni dhambi, simu hiyo hiyo ndiyo ilikuwa inatupa hali ya mama usiku wa manane. Wala sijitoi kwenye lawama, kuna siku nilikaa pembeni ya kitanda chake naangalia mpira kwenye simu, akaniuliza kitu mara mbili sikusikia, mara ya tatu hakuuliza. Hilo nimelitubu na bado linanichoma. Ndiyo maana nasema, mtu uliyemwombea kwa machozi yuko mbele yako anaongea, anapumua, wewe unaangalia maisha ya mtu usiyemjua, hiyo shukrani iko wapi? Tuliomba tumpate yeye, tumempata, tumeinama.

Jana nikamwambia binamu anitumie ile video, nikasema angalau nisikie mama alichosema. Sauti ya mama haisikiki kabisa, kinachosikika ni kunong'ona kwake yeye, na pale mama anapokaa kamera ilishageuzwa, inamwonyesha binamu anatabasamu.

Jumapili baada ya ibada naenda kwa mama. Simu naiacha kwangu imezimwa, atakayenitafuta asinipate. Nitamwomba aanze upya, tangu pale pumzi ilipokata.