Mdogo wangu kashikwa na tuktuk usiku, kesho ni kortini. Akiri au akane?

Dada wa Barani
Salamu wenzangu wa Malindi. Mdogo wangu ni dereva wa tuktuk. Jana usiku alisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi njia ya Gede, afisa akanusa, akamwambia "wewe umelewa", tuktuk ikapelekwa kituoni. Hakupulizishwa mashine yoyote. Yeye hakatai kwamba alikunywa mboko moja ya mnazi kabla ya magharibi. Lakini abiria wake wa mwisho alipanda na kidumu cha mnazi kikamwagika, kiti chote kikalowa, harufu mpaka kwenye shati. Kalala seli. Wenzake wa stejini wanasema akiri, alipe faini, Jumanne arudi kazini. Mimi roho haitulii. Nishaurini.

Mtu wa Steji
Dada, akiri tu. Kesi ikianza kuahirishwa utamalizika kwa nauli. Hakimu akimwona mpole atampunguzia.

Karani Mstaafu
Mwanangu, tafadhali usifuate hilo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, kile cha kuendesha ukiwa umelewa, kina faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Kinachowaumiza madereva zaidi ni kinachofuata: akipatikana na hatia, leseni inafungiwa miezi 12, na hakimu anaweza kuongeza. Jumanne gani hiyo atakayorudi kazini? Faini mtachanga. Mwaka mzima bila leseni nani atamchangia?

Halafu soma kosa lenyewe. Sheria haisemi "amekunywa". Inasema amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Mahakama ya Rufani ilishikilia maneno hayo hayo mwaka 2017 katika kesi ya kanuni za alkoblo, ile mashine ya kupima ulevi kwa pumzi, kanuni zilizoweka kiwango cha mikrogramu 35 za pombe kwa mililita 100 za pumzi. Kwa hiyo upande wa mashtaka ueleze aliendeshaje: aliyumba? Alitoka barabarani? Alishindwa kusimama alipoonyeshwa mkono? Harufu peke yake, tena kiti kimelowa, haitoshi.

Leo hii nenda kituoni. Chukua namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, omba ruhusa upige picha kile kiti kabla hakijakauka, na umwombe mkuu wa kituo bondi, yaani aachiliwe kwa ahadi ya kufika kortini. Bondi ya polisi ni bure. Ukitakiwa pesa taslimu za dhamana, usiondoke bila risiti. Kesho asomewe mashtaka kwa lugha anayoielewa, akane, aombe dhamana na maelezo ya mashahidi mapema. Ibara ya 50 ya Katiba inampa haki ya kupata maelezo hayo mapema, na ya 49 haki ya kuomba dhamana.

Mama wa Maweni
Nakubaliana na mzee, ila asije akasimama kizimbani akasema hakunywa. Kukana mashtaka ni kusema "thibitisheni", uongo ni jambo jingine. Mume wangu aligongwa na dereva mlevi barabara hii hii ya Mombasa, hadi leo anachechemea, kwa hiyo walevi siwatetei hata kidogo. Mtafuteni huyo abiria kwanza, mumuulize tuktuk ilikwendaje. Akisema iliyumba, dada, hapo mambo ni mengine na mdogo wako aambiwe ukweli.

Dada wa Barani
Ahsanteni sana. Picha nimepiga, bondi wamekataa, wamesema hadi kortini. Abiria nimempata, ni mama wa Gede. Anasema kidumu ni chake na safari ilikuwa sawa mpaka kizuizini, lakini korti anaiogopa. Anaweza kulazimishwa?

Karani Mstaafu
Mahakama inaweza kumpelekea hati ya wito mkiomba, lakini shahidi wa kuburutwa hana faida kubwa. Kaa naye. Mweleze kwamba ataulizwa kidumu kilimwagika vipi na dereva aliendeshaje, basi. Usimfundishe maneno, aseme alichoona. Na kesho, kama wakili hamna uwezo naye, mdogo wako amwambie hakimu mapema. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na pale kortini ulizeni wapi pa kuomba.

Mtu wa Steji
Hilo la miezi 12 sikulijua. Dada, nitumie namba ya abiria, kesho nitamchukua mimi Gede saa moja asubuhi nimlete. Nauli sitaki.