Silaha za maangamizi: tuyaachie mashirika ya hisani?

Mwanzilishi wa mada, Malindi

Mvutano wa kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 kilichopangwa Uyombo umetufundisha watu wa Kilifi kuuliza mafuta ya nyuklia yanalindwa na nani. Nauliza kwa upana zaidi: ni sawa mashirika yanayoendeshwa kwa fedha za matajiri kushika kazi ya kuondoa malighafi ya mabomu duniani?

Mimi nasema ni sawa. Mwaka 2002 kituo cha Vinča, karibu na Belgrade, Serbia, kilikuwa na kilo 48 za urani iliyorutubishwa hadi asilimia 80, kiasi cha kutengenezea mabomu mawili hivi. Marekani ilikuwa tayari kugharimia kuihamisha. Wenyeji wakataka kwanza wasaidiwe kushughulikia mafuta yaliyokwisha kutumika, yaliyokuwa yakiharibika ndani ya bwawa la kinu, na fedha za serikali ya Marekani hazikuruhusiwa kulipia usafi wa namna hiyo. Nuclear Threat Initiative, shirika lililoanzishwa na tajiri Ted Turner na seneta wa zamani wa Marekani Sam Nunn mwaka 2001, likatoa dola milioni 5. Agosti 2002 mzigo ukaenda Dimitrovgrad, Urusi.

Mchangiaji wa Mkomani, Lamu

Maalim, Vinča nakupa. Lakini weka mizani sawa. Tani 500 za urani ya mabomu ya Urusi zilipunguzwa nguvu na kuwa mafuta ya vinu vya umeme vya Marekani kati ya 1993 na 2013, kwa mkataba wa serikali mbili. Silaha za kemikali zilizotangazwa, zaidi ya tani 72,000, zimeteketezwa chini ya usimamizi wa OPCW, shirika la kimataifa la kupiga marufuku silaha za kemikali, za mwisho zikiwa za Kentucky Julai 2023. Hapo ni fedha za walipa kodi, na sheria, na wakaguzi wenye haki ya kuingia.

Tena tajiri akichoka huondoka. MacArthur Foundation ilikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa kabisa wa kazi hii. Mwaka 2021 ikatangaza kwamba inafunga mpango wake wa nyuklia. Mbunge akikata bajeti namjua na kura ninayo. Bodi ya wakfu ulioko Chicago nitaihoji wapi?

Mchangiaji wa Mambrui

Hoja ya uwajibikaji ni nzito, ila nyote mnasahau kazi ambayo hisani huifanya vizuri zaidi: kuweka kianzio chenye masharti. Mwaka 2006 Nuclear Threat Initiative liliahidi dola milioni 50 zilizodhaminiwa na tajiri Warren Buffett, kwa sharti kwamba mataifa yaongeze milioni 100. Marekani, Umoja wa Ulaya, Kuwait, Falme za Kiarabu, Norway na Kazakhstan zikachanga. Hiyo ndiyo benki ya urani ya IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, iliyoko Oskemen, Kazakhstan: mitungi 60, tani 90 za urani hafifu, yaani iliyorutubishwa kidogo kwa ajili ya umeme, kiasi cha kujaza mara moja kinu cha ukubwa uleule wa Uyombo. Nchi ikinyimwa mafuta kwa sababu za kisiasa, ina pa kubisha hodi, na haina kisingizio cha kujenga mtambo wake wa kurutubisha. Mitambo inayorutubisha urani hadi asilimia 4 imekwisha kumaliza takriban theluthi mbili za kazi ya kufikia kiwango cha bomu. Ndiyo maana kisingizio hicho kinaogopewa.

Ilichelewa, kweli. Mitungi iliingia 2019, kwa sababu kupata mwenyeji na ruhusa za kupitisha mzigo Urusi na China kulikula miaka.

Mchangiaji wa Shela

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba hatari yote imo kwenye mabomu ya mataifa. Bomu chafu halihitaji urani. Linahitaji baruti na chanzo cha mionzi kilichotupwa. Na hata bila baruti maafa hutokea: Goiânia, Brazili, Septemba 1987, wazoa skrepa waling'oa kichwa cha mashine ya tiba ya mionzi katika kliniki iliyohamwa. Ndani mlikuwa na gramu 93 hivi za kloridi ya sesiamu. Ni unga unaoyeyuka majini, ukang'aa buluu gizani, jamaa wakagawiana. Wanne walikufa, 249 wakapatikana na uchafu wa mionzi, watu zaidi ya 112,000 wakapimwa.

Hapa ndipo ningependa fedha za hisani ziingie. Sesiamu-137 hupungua nusu kwa miaka 30, kwa hiyo mashine ya hospitali ya kumurika damu ya kuongezea wagonjwa, yenye unga huohuo, ikifa, unga wake bado u hai. Ufaransa na Norway zimebadilisha mashine hizo zote kwa za eksirei, zinazotoa kipimo kilekile cha mionzi, grei 25, na ukizima umeme hakuna kitu cha kuibwa.

Mchangiaji wa Mkomani

Bi wa Shela, eksirei inataka umeme thabiti na maji ya kupoza, na pwani yetu umeme hukatika. Mrija ukiungua, vipuri vinatoka ng'ambo. Mfadhili atapiga picha na mashine mpya kisha ile ya zamani iachwe stoo na kufuli ya shilingi mia tano. Mmepata hatari mbili.

Mchangiaji wa Shela

Ndiyo sababu mkataba uanze na kuondoa cha zamani. Muuzaji aahidi kwa maandishi kukichukua chanzo, KNRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nyuklia, itoe kibali, kisafirishwe katika chombo cha aina B, kile kinachopimwa kwa kuangushwa mita 9 na kuwekwa kwenye moto wa nyuzi 800 kwa dakika 30. Cheti cha kupokelewa kikifika, ndipo mashine mpya ilipiwe. Humo humo ziandikwe fedha za mirija miwili ya akiba, kidhibiti umeme, na mshahara wa fundi kwa miaka mitano. Mfadhili akikataa kipengele hicho, hospitali ikatae mashine.

Mchangiaji wa Mkomani

Kwa masharti hayo nitaunga mkono hisani kwenye vyanzo vya hospitali. Kwenye mabomu ya mataifa bado nasema ni kazi ya serikali, na msimamo huo sijauacha.