Majina ya Picha za Bibi: Gumzo la Kikundi cha Ukoo

Ijumaa, saa 2:10 usiku

Baba Mkubwa: Asalaam aleikum ndugu zangu na wanangu. Naomba msaada wa anayeelewa mambo ya kompyuta. Tangu umeme ulipokatika jana usiku, nikiwa naingiza majina kwenye picha za harusi ya mwaka 1974, programu ya picha, ile digiKam, haifunguki tena. Nikiibofya inaonyesha nembo yake kwa muda mfupi, kisha inatoweka bila maelezo yoyote.

Shangazi: Waaleikum salaam Kaka, pole sana. Picha zenyewe zipo? Hizo ndizo pekee zinazoonyesha nyumba yetu ya Ngamiani kabla haijavunjwa.

Baba Mkubwa: Picha zipo. Nimezifungua moja moja kwenye folda na zote zinaonekana. Kinachonitia hofu ni majina. Kwa miaka 6 nimekuwa nikikaa na Mama kila Jumapili, yeye akinitajia nani ni nani na mimi nikiandika. Sasa macho yake hayawezi tena kusoma sura kwenye picha, na wengi wa waliomo wametangulia mbele ya haki. Majina yale yakipotea, sijui tutamuuliza nani.

Mdogo wangu: Shikamoo Baba Mkubwa. Niko hapa hapa Tanga, kwa hiyo kesho asubuhi nitakuja niiondoe programu yote, nifute na folda zake zilizobaki, kisha niisakinishe upya.

Mimi: Shikamooni wazee wangu. Mdogo wangu, nakuomba usifute kitu chochote kabla hatujazungumza. digiKam haihifadhi picha ndani yake. Picha hubaki kwenye folda za kawaida, lakini majina, lebo na maelezo ya albamu huandikwa kwenye hifadhidata, yaani faili linaloitwa digikam4.db. Ukisafisha folda yenye faili hilo kwa nia njema, picha zitabaki zote, ila kazi ya miaka 6 ya Baba Mkubwa na Bibi itakuwa imekwenda.

Baba Mkubwa: Mwanangu, faili hilo liko wapi?

Mimi: Tulipoisakinisha mwaka 2019 tuliliweka kwenye diski D, ndani ya folda tuliyoiita Kumbukumbu. Kwa usiku huu zimeni kompyuta na muiache ipumzike. Kila mara programu inapojaribu kufunguka inaweza kuligusa faili hilo, na mimi ningependa tupate nakala yake kwanza.

Jumamosi, saa 4:05 asubuhi

Mdogo wangu: Dada, nimefika. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba diski C imejaa kabisa. Folda ya vipakuliwa ina video nyingi zilizotoka kwenye simu, nyingine zimepakuliwa mara tatu.

Mimi: Asante kwa kuangalia hilo kabla ya mengine. Diski ikijaa, programu hushindwa kuandika hata faili dogo la mipangilio yake, na huenda hapo ndipo tatizo lilipoanzia kabla umeme haujakatika. Hamishia video hizo kwenye diski ya nje, kisha ufungue folda ya Kumbukumbu uniambie unaona nini.

Mdogo wangu: Nimehamisha, sasa kuna nafasi ya GB 38. Kwenye Kumbukumbu naona digikam4.db, thumbnails-digikam.db, recognition.db na similarity.db. Kuna pia faili dogo linaloitwa digikam4.db-journal, ambalo limeandikwa juzi saa 3:41 usiku, wakati uleule umeme ulipokatika. Nadhani ni mabaki ya hitilafu. Nilifute?

Mimi: Hapana, tafadhali usiliguse. Hilo ndilo faili linaloweza kutuokoa. Hifadhidata hii inaendeshwa na SQLite, mfumo wa kutunza data ndani ya faili moja, na SQLite ina desturi kwamba kabla ya kubadili ukurasa wowote wa faili kubwa, kwanza hunakili ukurasa ule ulivyokuwa kwenye faili hilo la pembeni. Kazi ikimalizika salama, faili la pembeni huondolewa lenyewe. Umeme ukikatika katikati, hubaki, na siku hifadhidata itakapofunguliwa tena, kurasa za zamani hurudishwa mahali pake ili kusiwe na nusu ya maandishi mapya juu ya nusu ya maandishi ya zamani. Ukilifuta, hifadhidata itabaki na kurasa zilizochanganyika na haitakuwa na njia ya kujirekebisha.

Mdogo wangu: Nimeelewa. Samahani, nilikuwa nimeshalibofya.

Mimi: Hujakosea, umeuliza. Sasa nakili folda nzima ya Kumbukumbu kwenye flashi, bila kubadili jina la faili lolote, kwa sababu faili la pembeni hutambuliwa kwa jina linalofanana na la mwenzake. Kisha nitumie digikam4.db na hilo la pembeni kwa ujumbe wa binafsi, ukizituma kama hati. Faili la thumbnails si lazima, kwa kuwa lina vijipicha tu na programu inaweza kuvitengeneza upya.

Binamu wa Muscat: Samahani kwa kuingilia kati. Kwa nini tusiachane na programu hii tukaweka picha zote kwenye huduma ya intaneti? Kompyuta ya nyumbani itaharibika tena siku moja.

Mimi: Nakala ya ziada kwenye intaneti ni wazo zuri na naliunga mkono. Hata hivyo, swali la majina litabaki palepale. Wengi wetu tulitumia Picasa, programu ya picha ya Google. Google ilitangaza Februari 2016 kwamba inaiacha, na usaidizi wake ukakoma Machi mwaka huohuo. Picha za watu hazikupotea, lakini majina ya nyuso yalikuwa kwenye mafaili madogo yaliyofichwa ya .picasa.ini, na aliyehamisha picha bila mafaili hayo aliyaacha majina nyuma. Ninachotaka tukifikie leo, programu ikishafunguka, ni kuyatoa majina kwenye hifadhidata na kuyaandika ndani ya picha zenyewe, ili picha ikienda Muscat au Mombasa iende na majina yake.

Shangazi: Hilo hata mimi naliombea.

Jumamosi, saa 6:30 mchana

Mimi: Nimepokea mafaili. Nimeifungua nakala kwenye kompyuta yangu, kurasa za zamani zimerudishwa, kisha nikaipa SQLite amri ya kukagua uzima wa hifadhidata yote. Jibu ni neno moja, «ok», maana yake ukaguzi haukukuta kasoro. Nimehesabu pia lebo: Baba Mkubwa, majina yako 412 yapo.

Baba Mkubwa: Alhamdulillahi. Mama amekaa hapa karibu yangu, nimemwambia, naye anasema Mungu akubariki.

Mimi: Amina, Baba Mkubwa. Sasa mdogo wangu, iondoe programu kupitia mipangilio ya Windows, kisha upakue toleo jipya kutoka digikam.org na ulisakinishe. Toleo jipya litaboresha muundo wa hifadhidata litakapoifungua, na baada ya hapo toleo la zamani halitaweza kuisoma. Ndiyo maana flashi ile itolewe kwenye kompyuta na iwekwe kabatini kabla hujaanza.

Jumamosi, saa 8:20 mchana

Mdogo wangu: Nimeiondoa, nimeisakinisha upya, nimewasha upya kompyuta. Hakuna kilichobadilika hata kidogo. Nembo inaonekana, kisha programu inajifunga.

Baba Mkubwa: Kwa hiyo tatizo ni kompyuta yenyewe?

Mimi: Sidhani. Kusakinisha upya hubadilisha mafaili ya programu tu. Mipangilio ya mtumiaji hukaa mahali pengine na haikuguswa, kwa hiyo programu mpya imeamka ikasoma mipangilio ileile iliyoharibika. Nilipaswa kuanza na hapo kabla ya kukusumbua kupakua. Mdogo wangu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %LOCALAPPDATA% na ubonyeze Enter. Tafuta faili linaloitwa digikamrc. Usilifute, libadilishe jina liwe digikamrc-zamani, kisha ufungue programu.

Mdogo wangu: Imefunguka! Imenikaribisha kama mgeni na inaniuliza maswali ya mwanzo, picha ziko wapi na hifadhidata iwekwe wapi.

Mimi: Vizuri sana. Picha ziko diski D kwenye folda ya Picha za Ukoo. Kuhusu hifadhidata, uielekeze kwenye

Mdogo wangu: Nimeshabofya kuendelea, imekubali. Inapakua kwanza data ya kutambua nyuso, mamia ya MB.

Jumamosi, saa 9:45 alasiri

Baba Mkubwa: Wanangu, picha zote zimerudi lakini hazina jina hata moja. Orodha ya watu ni tupu. Nimeangalia harusi ya 1974, nimeangalia Idi ya 1981, hakuna. Naomba mniambie ukweli, nisije nikamwambia Mama jambo lisilo sahihi.

Mimi: Baba Mkubwa, nakuomba utulie, majina hayajafutika. Kwenye swali la hifadhidata, programu hupendekeza folda yake, na isipokuta hifadhidata humo hutengeneza mpya isiyo na kitu. Hicho ndicho mnachokiona sasa. Ile ya zamani iko palepale kwenye Kumbukumbu. Mdogo wangu, nenda kwenye mipangilio ya digiKam, sehemu ya hifadhidata, ubadilishe folda iwe D, Kumbukumbu. Ikikuuliza juu ya kuboresha, kubali, kwa kuwa nakala iko kabatini.

Mdogo wangu: Nimeharakisha kubofya, nisameheni. Ninabadilisha sasa.

Baba Mkubwa: Yamerudi. Yamerudi yote! Namwona baba yenu amesimama mlangoni na jina lake liko chini ya uso wake.

Shangazi: Kaka, umenitoa machozi.

Mimi: Mshukuruni aliyeko kwenye kipanya. Bado kuna kazi moja, na hii nataka tuifanye polepole. Kwanza nakilini folda ya Picha za Ukoo kwenye diski ya nje. Pili, kwenye mipangilio ya metadata, yaani maelezo yanayokaa ndani ya picha, ruhusuni lebo na majina ya nyuso yaandikwe kwenye picha. Tatu, kwenye zana za matengenezo kuna kazi ya kusawazisha hifadhidata na picha, nayo ina pande mbili. Chagueni uelekeo wa kutoka kwenye hifadhidata kwenda kwenye picha. Mkichagua kinyume, programu itasoma picha ambazo bado hazina majina na kuyapa maelezo hayo matupu nguvu juu ya kazi ya Bibi. Soma sentensi yote kwenye skrini kabla ya kubofya, na unitumie picha ya skrini nithibitishe.

Mdogo wangu: Picha ya skrini nimekutumia. Sijabofya.

Mimi: Nimeiona, ni sahihi. Anza. Kwa picha 11,000 itachukua muda mrefu, huenda hadi usiku, kwa hiyo iacheni ifanye kazi, na mzime usingizi wa kompyuta kwenye mipangilio ya umeme.

Jumapili, saa 3:15 asubuhi

Mdogo wangu: Imemaliza. Nimethibitisha bila kutumia digiKam: nimebofya picha moja kwa kitufe cha kulia, nikafungua sifa zake na ukurasa wa maelezo, na Windows yenyewe inaonyesha majina kwenye sehemu ya lebo.

Binamu wa Muscat: Basi naomba ile ya harusi, niione huku.

Mimi: Itumwe kama hati, isitumwe kama picha ya kawaida. Ikitumwa kama picha, ubora hupunguzwa na maelezo ya ndani huondolewa, na majina yataishia Tanga.

Shangazi: Nami nitumieni kwa njia hiyohiyo. Kaka, diski ya nje nitaichukua nikija mwezi ujao, ikae kwangu Mombasa, na kila nikija tutaijazia mapya.

Baba Mkubwa: Nimekubali. Sasa kuna jambo nimeligundua. Jina moja halipo. Kwenye picha ya harusi, mwanamke aliyesimama kando ya mtungi upande wa kushoto hana kitu chini ya uso wake. Nadhani ndiye niliyekuwa nikimwandika umeme ulipokatika, na kwa kweli sikumbuki Mama alisema ni nani.

Mimi: Ndiyo, hilo lilikuwa likiandikwa dakika ile. Hifadhidata ilirudi hatua moja nyuma, nalo likabaki nje. Je, Bibi anaweza kukumbuka ukimweleza picha kwa maneno?

Baba Mkubwa: Ngoja nimuulize.

Baba Mkubwa: Nimemweleza mtungi, kanga iliyofungwa kiunoni na kitoto kilichoshika vazi lake. Hakufikiri hata kidogo. Anasema huyo ni mkunga wa mtaa aliyetuzalisha sote, mimi na Shangazi yenu pamoja, na amenitajia jina lake, la baba yake na kijiji alichotoka. Anasema pia kitoto kile ni mimi.

Shangazi: Kaka, liandike sasa hivi, na lile la kitoto.

Baba Mkubwa: Nimeandika yote mawili. Nimebofya kuhifadhi, na mwanao amefungua sifa za picha, yamo ndani.