Prado 1KZ inapandisha joto mlimani tu, nataka niitengeneze mwenyewe nyumbani, wenye uzoefu karibuni

Mkazi wa Goba
Wakuu habari za jioni. Nina Prado ile ya boksi la 95 (hiyo ni namba ya modeli), mwaka 1998, injini 1KZ-TE tabo dizeli cc 2982, otomatiki, namba B, nimeinunua kwa mzee mmoja mstaafu. Mjini haina neno, Goba mpaka Posta na foleni yote ile ya Mwenge mshale wa joto umekaa katikati wala hautikisiki. Ila juzi naenda Njombe na familia, mizigo imejaa, AC inapuliza, tulipoanza kupanda Kitonga mshale ukaanza kunyanyuka, nikazima AC ukashuka, nikawasha ukanyanyuka tena, basi tukapanda madirisha wazi watoto wanalalamika. Kufika maji yamepungua kidogo na chini hakuna hata tone.

Nimeshapita gereji mbili. Wa kwanza boneti hata hajafungua kasema hedi imepasuka, nilete milioni tatu na nusu aanze kazi. Wa pili kasema nitoe hiyo injini niweke 5L niishi kwa amani. Mimi uwanja nyumbani ninao, spana ninazo, na utotoni nimeshinda sana gereji kwa mjomba, kwa hiyo nataka nipige kazi mwenyewe wikiendi. Na nikishaanza nataka niiboreshe moja kwa moja, yaani intakula (ile ya kupoza hewa ya tabo kabla haijaingia kwenye injini), kuinua inchi mbili, matairi 285, na kuna jamaa kaniambia anaweza kuongeza dizeli kwenye pampu ivute vizuri. Nianzie wapi? Msaada tutani.

Bwana Misele
Uza mkuu, nunua IST, hiyo hela ya mafuta ule kuku. Natania. Ngoja wanaojua waje, mi nimeweka mkeka hapa.

Spana Kumi na Nne
Huyo fundi anayepima hedi kwa macho boneti ikiwa imefungwa mkimbie. Ni kweli 1KZ ina sifa mbaya ya kupasuka hedi, ya aluminiamu juu ya bloku la chuma, na nyufa zinapenda kutokea kati ya vali na pembeni ya vile vikombe vya mwako. Lakini hedi haiamki tu asubuhi ikajipasua, inapasuka kwa sababu kuna kitu kiliiacha ichemke muda mrefu. Sasa wewe hujui bado kama imepasuka au ndio iko njiani, na hapo ndipo kuna tofauti ya milioni kadhaa.

Kabla hujagusa spana fanya hivi. Kesho asubuhi na mapema, gari imelala, injini ya baridi kabisa, minya ile hozi ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo ujue kuna gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Halafu fungua mfuniko (baridi hivyohivyo, usije ukafungua ya moto tukakutafutia wodi Muhimbili), washa, angalia kama povu linapanda mfululizo bila kukoma. Angalia na oili kwenye dipstiki na chini ya kifuniko cha kujazia, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa hapo tunaongea lugha nyingine. Na tafuta fundi mwenye kile kipimo cha maji ya bluu, kinakaa kwenye mdomo wa rejeta na kunyonya hewa ya ndani, kama kuna gesi ya mwako rangi inabadilika. Dakika chache tu na hakuna kubishana.

Mama Kelvin Tabata
Naongezea hapo kwa kaka Spana. Mimi ninayo kama hiyo na kilichonifundisha adabu ni huo mshale. Hizi Toyota mshale umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka sana, ukiuona umenyanyuka maana yake tayari pamoto muda. Funga geji ya pembeni ya digitali yenye king'ora, sensa yake weka kwenye hozi ya juu au kwenye hedi yenyewe. Hiyo kwangu ndiyo "kuboresha" namba moja, hayo matairi baadaye.

Na ulizia maji gani yalikuwa yanawekwa humo ndani.

Mkazi wa Goba
Asanteni sana. Nimepima: hozi asubuhi laini kabisa, povu hakuna, oili nyeusi ya kawaida. Kipimo cha bluu nimekipata kwa jamaa Sinza, maji yamebaki bluu. Nimefurahi hadi nikamnunulia soda.

Ila dada Mama Kelvin umenishtua na swali la maji. Nimemwaga yaliyokuwemo, yametoka ya kahawia mazito kama uji wa ulezi, na chini ya beseni yamebaki mabonge meupe magumu. Nimempigia mzee aliyeniuzia, anasema dereva wake alikuwa anajaza palepale wanapooshea gari, maji ya kisima.

Spana Kumi na Nne
Basi jibu lako hilo hapo. Visima vingi Dar ni vya chumvi, chai yenyewe ukipikia haileweki, halafu mtu anaimimina kwenye injini ya aluminiamu miaka na miaka. Inaganda kwenye vijibomba vya rejeta na kula hedi taratibu. Endesha gari ipate moto, zima, subiri feni isimame kabisa, kisha pitisha kiganja mbele ya rejeta kutoka juu kwenda chini. Ukikuta kuna sehemu ya moto na sehemu imepoa, hiyo iliyopoa imeziba. Mjini injini haifanyi kazi kubwa ndio maana inavumilia. Kitonga umebeba ukoo mzima unakanyaga, inashindwa kutoa joto.

Pia fungua nyumba ya themostati uangalie kama ipo. Nina wasiwasi nayo.

Fundi Umeme Kimara
Wasiwasi wa Spana uko sawa, nyingi nazoletewa hazina. Fundi maiko akiona gari inachemsha anatoa themostati anasema "Dar joto, haina kazi". Kwenye hizi injini ina kazi mbili. Inafungua njia ya kwenda rejeta, na ile sahani yake ya chini inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, maji mengine yanazunguka ndani ya injini bila kupita rejeta. Unatoa ili ipoe, inazidi kuchemka.

Ukirudisha nunua jenuini, hapo usibane hela, na kile kivali kidogo kinachochezacheza pembeni kielekee juu ili hewa itoke.

Mkazi wa Goba
Wakuu nyie ni waganga. Themostati HAKUNA, pako peupe. Na rejeta nusu ya chini imepoa kabisa. Sasa rejeta nizibue au ninunue mpya? Na feni nimejaribu kuizungusha kwa mkono injini ikiwa imezimwa ya moto, inazunguka kama pangaboi.

Spana Kumi na Nne
Ikiwa ya moto inatakiwa ikupe ubishi, ukiisukuma isiendelee yenyewe. Ile klachi ya feni ndani ina mafuta ya silikoni, yakipungua feni inateleza tu haivuti upepo. Toyota wanauza mafuta yake kwenye vichupa, unafungua klachi unamwaga ya zamani unaweka mapya, kazi ya nyumbani kabisa ilimradi usipoteze mpira wake wa kuziba. Kama bearingi inalia nunua nzima.

Rejeta ya umri huo mimi sizibui. Ni otomatiki, na tenki la chini lina kijirejeta cha ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki) ndani yake, siku kikitoboka maji yanaingia kwenye giaboksi, ATF inakuwa kama maziwa ya stroberi na hapo utaililia hiyo milioni tatu na nusu. Weka mpya, na kama mfuko unaruhusu funga kipoozeo cha ATF cha pembeni. Mfuniko wa rejeta nao mpya, springi zinachoka.

Kuhusu kusafisha ndani, jaza maji safi na dawa ya kusafishia rejeta, endesha, mwaga, rudia na maji matupu hadi yatoke meupe. Mwisho kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled), yale masafi wanayoongezea kwenye betri. Soma chupa, maana dukani ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Nunua ya kutosha, ukiwa na hita ya nyuma mfumo wako unakula zaidi ya unavyodhani.

Mama Kelvin Tabata
Wakati wa kujaza nyanyua pua ya gari, fungua hita zote mbili mpaka mwisho. Najua Dar nani anawasha hita, ndio maana nyingi zimekwama na hewa inabaki humo. Acha injini iunguruME mfuniko wazi huku unaongeza, mpaka hozi ya chini ipate moto, hapo themostati imefungua.

Na ikitokea imepanda tena mlimani zima AC washa hita mpaka mwisho, utaoga jasho lakini hedi itapona. Ukisimama usizime hapohapo, iache silensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta. Na asije mtu na ndoo ya maji ya baridi.

Bwana Misele
"iunguruME" hahaha dada umekasirika.

Swali la mjinga: huko Goba si kichanga, jeki haizami?

Mkazi wa Goba
Inazama balaa, nimetandika pavingi nne na ubao wa mninga juu yake, stendi mbili za chuma nimeazima. Chini ya jeki tupu siingii hata kwa dawa.

Haya sasa turudi kwenye maboresho, au bado mnaninyima?

Fundi Umeme Kimara
Hilo la kuongeza dizeli, huyo jamaa muulize anaongezaje. Pampu ya 1KZ-TE inaamriwa na kompyuta, siyo ile ya kuzungusha skrubu ukaondoka. Wapo wanaocheza na resista na sensa kuidanganya kompyuta, moshi mweusi unatoka, nguvu unaiona, na joto la ekzosti linapanda bila wewe kujua. Kwenye injini yenye hedi hii! Kama lazima, funga kwanza geji ya joto la ekzosti kabla ya tabo, wengi ikikaribia nyuzi 700 za Selsiasi wanaachia mguu.

Intakula ni kitu kizuri kwa kweli, Toyota wenyewe waliziweka kwenye 1KZ za mwishomwisho, ile ya juu ya injini na boneti lina pua. Ila watu wanafunga ile kubwa ya mbele, inakaa mbele ya kondensa ya AC na rejeta, inaziba upepo uleule unaoutafuta.

Na jambo moja hujalitaja, taimingi belti. Taa ya T-BELT inawaka kila kilomita 100,000, lakini gari ya mkononi taa inaweza kuwa imezimwa tu belti haijaguswa. Ikikatika vali zinagonga pistoni. Badilisha na bearingi zake, na ukiwa hapohapo kagua watapampu.

Dizeli Tupu
Mi nasimama na fundi wa pili, weka 5L umalize. Haina tabo, haina kompyuta, spea kila kona Kariakoo.

Spana Kumi na Nne
@Dizeli Tupu 5L kwenye Prado yenye tani karibu mbili, otomatiki, AC na familia? Kitonga atapanda anasalimiana na malori. Halafu namba ya injini kwenye kadi lazima ibadilishwe TRA, na waya za giaboksi atalia nazo. Injini yake imepimwa ni nzima, anaitoa ya nini?

Dizeli Tupu
Kila mtu na uzoefu wake mkuu.

Mama Kelvin Tabata
Matairi: original ni 265/70R16. Ukiweka 285/75R16 kipenyo kinaongezeka kama asilimia 7, gari inakuwa nzito kuondoka, na spidomita inakudanganya. Ukisoma 50 wewe uko karibu 54, na unajua trafiki na tochi zao kwenye vile vijiji vya njia ya Morogoro, elfu 30 inakusubiri.

Kuinua inchi mbili sawa, zaidi hapana, buti za CV (mipira inayofunika jointi za ekseli za mbele) zitakatika. Lakini KABLA ya kuinua kagua boljointi za chini mbele, vile viungio vinavyoshikilia tairi kwenye mkono wa chini. Hizi Prado ndio ugonjwa wao mkubwa, ikichomoka tairi linalala pembeni uko spidi. Mimi hiyo naiweka juu hata ya intakula.

Mkazi wa Goba
Nimekuelewa dada. Basi nimepanga hivi: rejeta mpya, themostati, mfuniko, mafuta ya klachi ya feni, kulanti, na geji yenye king'ora mwezi huu. Belti na boljointi mwezi ujao. Shokamzoba na springi za kuinua zikipatikana, matairi nabaki na 265 ila ya matope. Intakula nitatafuta ile ya juu na boneti lake lenye pua kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, jamaa wa pampu nimemwambia asante.

Swali la mwisho, hiyo boljointi ya chini inauzwa yenyewe au mpaka mkono mzima?

Spana Kumi na Nne
Inauzwa yenyewe, inashikwa na bolti nne. Ya kulia na ya kushoto si moja, angalia namba kabla hujalipa. Bolti nunua mpya, kaza kwa toki renchi, na feki hapo usiguse hata ukiuziwa nusu bei.